Walichosema Wachambuzi Kuhusu Wimbo wa Sita

Lurambi, Kakamega
Jumapili, baada ya kutoka kanisani

Kwako Mama mkwe,

Pokea salamu zangu za heshima, nikizitoa nikiwa mbali kama inavyonipasa. Sisi hapa tu wazima. Lynette amepona kile kikohozi, na shuleni wamempa darasa la nne, darasa la watundu, kwa hiyo anarudi jioni amechoka sauti. Natumaini goti lako limetulia tangu baridi ilipopungua. Je, miwa imechukuliwa, au bado inakauka shambani ikingoja malori? Baba naye anaendeleaje? Mfikishie salamu zangu, umwambie ule mche wa parachichi alionipa umeshika vizuri.

Najua umeshangaa kupata barua yangu. Tangu nimwoe binti yako hatujawahi kuketi chumba kimoja wala kupeana mikono, kama miiko ya ukwe inavyotutaka. Siku ile tulipokutana ghafla kwenye duka la dawa pale Mumias, nilitokea mlango wa nyuma mbio, dawa nikaiacha kaunta, na mwenye duka akanifuata hadi barabarani akidhani nimemwibia. Kabla ya kushika kalamu nilimuuliza baba yangu kama barua ni kukosa adabu. Alifikiri kidogo, akasema karatasi haina macho, niandike tu, ila nisiandike upuuzi. Nitajaribu.

Shemeji yangu Sammy alipita hapa Alhamisi na gitaa lake mgongoni. Alinieleza kwamba ukumbi wa mjini umewaalika kuimba albamu yenu yote mwezi wa Desemba. Nilifurahi mpaka nikampa kiti changu. Kisha akanieleza la pili, kwamba umekataa kuuimba ule wimbo wa sita, na unataka auondoe hata kwenye mtandao usisikike tena. Aliniambia umedai ni wimbo mbovu, wajuzi wa muziki hawatauelewa. Na kwa kuwa kazi yangu ni kusikiliza albamu mpya na kuzizungumzia redioni, umetaka nikuambie ukweli, wachambuzi wanasemaje. Nitakuambia yote, matamu na machungu. Lakini tangu mwanzo ujue kwamba ukiuondoa wimbo huo nitaumia, na sababu yangu si ya kiredio.

Kipindi chetu huwa Jumamosi asubuhi. Tunakaa watatu kwenye kachumba kadogo. Mimi ndiye mwongozaji. Eugene ni kijana wa hapa mjini anayependa muziki wa roki kuliko chakula. Wa tatu ni Jerotich, dada kutoka Eldoret anayeandikia pia jarida moja la Nairobi. Huyo, Mama, ni mgumu kusifu. Wanamuziki wakisikia albamu zao ziko mikononi mwake hukosa usingizi.

Wiki ile ya albamu yenu tulikuwa na albamu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya roki, ya vijana wanne wa Nairobi. Eugene aliipenda sana, akasema gitaa zao zina hasira ya kweli. Jerotich akajibu kwamba hasira ipo, ila hakusikia wamekasirikia nini. Ya pili ilikuwa ya msichana mmoja wa Machakos, mmoja wa hawa tunaowaita wa indie, yaani wanaojirekodi wenyewe bila kampuni yoyote. Alijirekodi chumbani kwake, hata mbwa wa jirani anasikika. Wote wawili walimpenda, na mimi pia. Ya tatu ilikuwa Kuni Mbichi, yako na Sammy.

Hapo ndipo nilipopata taabu. Ningelitajaje jina lako hewani, mimi mkweo? Nikasema msanii wetu wa tatu ni mama mmoja kutoka Musanda. Eugene akaniuliza ni mama gani, na Musanda ina akina mama wangapi. Nikajifanya nakohoa. Mwishowe Jerotich, ambaye hajui mambo yetu ya ukwe, akalitaja jina lako lote kwa sauti kubwa, mimi nikainamisha kichwa kana kwamba umeingia mlangoni. Wasikilizaji walituma ujumbe wakilalamika kwamba mwongozaji siku hizi haji amejitayarisha. Ilinibidi niseme ukweli kwamba msanii ni mzazi wangu kwa upande wa mke, na kwa hiyo maoni yangu nitayaweka mfukoni. Hapo simu zilipigwa nyingi, karibu zote za kucheka.

Sasa nianze na machungu ili tuyamalize. Jerotich alisema wimbo wa pili ni mrefu mno, ungekatwa mkia. Alisema ngoma za wimbo wa nne zinakufunika sauti, na kwamba mpiga gitaa, yaani Sammy, ana kipaji lakini hajajua kunyamaza. Sammy anayajua hayo tayari. Alinuna hapa kwangu mpaka Lynette alipomwekea ingokho, kuku wa kwetu, mezani, ndipo akakubali kwamba ngoma labda kweli ziko juu kidogo.

Yaliyobaki ni sifa, na sikuziongeza chumvi. Eugene, ambaye nilidhani atasinzia kwa nyimbo za mashambani, alisimama. Namnukuu alivyosema, na unisamehe lugha yake, "Wasee, huyu mathe ni noma! Sisi tunasumbuananga hapa na madistoshen, yeye anaimba tu hivi, polepole, na mimi nimeisha." Maana yake ni kwamba vijana wanahangaika na mashine za kukwaruza sauti ya gitaa, wakati wewe unapata uzito uleule kwa koo tupu. Alisema wimbo wa kwanza, ule wa wakata miwa, ni roki kabisa, roki iliyokuwepo kabla ya umeme kufika Musanda. Jerotich aliunga mkono. Alisema wengi wanaorekodi nyimbo za asili huziosha mpaka zinakosa harufu, lakini wewe na mwanao mmeuacha moshi ndani.

Kisha ukafika wimbo wa sita, Ng'ambo ya Ukuta. Jerotich aliusikiliza, akavua visikilizi, akaomba urudiwe. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi hajawahi kuomba hivyo. Haelewi Kiwanga, kwa hiyo akaniomba nimfasirie maneno. Nikafasiri, Mama, na sauti yangu sijui niliitoa wapi. Nikawaambia kwamba mwimbaji anamwambia mtu hivi: wewe uliye ng'ambo ya ukuta, sikukohoa, sikugeuza mwiko, obusuma, yaani ugali, ukaungua nikauacha uungue.

Wakaanza kubishana huyo "wewe" ni nani. Eugene alisema ni mume aliyefungwa jela. Msikilizaji mmoja, mkata miwa aitwaye Barnaba, alipiga simu akasema haina haja ya kubishana, huyo ni mwenye kiwanda, sisi tunaungua yeye yuko upande wa pili wa ukuta na hasikii. Tulicheka, lakini tulimheshimu pia. Jerotich akasema huenda ni Mungu. Kuhusu obusuma, Eugene aliona ni habari ya umaskini, kwamba hata kile kidogo kilichokuwepo kimepotea. Jerotich akakataa. Alisema mwanamke hauachi ugali uungue akiwa amesimama hapo hapo ila kama kuna jambo kubwa kuliko chakula na kuliko jina lake la upishi, na kwamba mstari huo ndio bora kuliko yote aliyosikia mwaka huu, wa lugha yoyote. Ameyaandika hayo hayo katika lile jarida la Nairobi. Sammy ana nakala kwenye simu yake, mwambie akusomee.

Baadaye wote wawili wakanigeukia mimi, wakitaka niseme huyo mtu ni nani, maana mimi ni wa familia. Nikaweka tangazo la mbolea, nikatoka nje.

Mama, wewe na mimi tunajua wimbo huo si mbovu. Nadhani unataka kuuondoa kwa sababu unaogopa kwamba umeniaibisha, kwamba umeimba mbele ya watu jambo ambalo hukutakiwa hata kulisikia. Na unadhani mimi sikujua kitu. Basi hapo ndipo ninapotaka kusema lililonifanya nichukue kalamu.

Siku tulipomzika mtoto wetu Were, nyumbani kwetu Lubao, watu walinizunguka tangu asubuhi wakiniambia nijikaze. Nilijikaza. Nilibeba jeneza dogo kwa mikono yangu, nikatupa udongo, nikawashukuru wageni kwa sauti iliyonyooka. Kila mtu alinisifu. Wageni walipokwenda kula, nilizunguka nyuma ya jiko la mama yangu, pale kwenye rundo la kuni, nikidhani hakuna mtu. Nikaegemea ukuta wa udongo, na kila nilichokuwa nimekizuia kikatoka. Nililia kama sijawahi kulia tangu utoto.

Wewe ulikuwa ndani. Ulikuwa umekataa kukaa hemani na wageni, ukasema mikono yako inataka kazi, na ukaachwa peke yako na sufuria ya mwisho huku akina mama wengine wakipakua. Ungekohoa, ningejua kuna mtu. Ungetoka, ningelazimika kukimbia kama siku ile ya duka la dawa. Ungeugeuza tu ule mwiko, ningesikia. Kwa hiyo hukufanya lolote. Ulisimama. Waliporudi wakakuta obusuma umekuwa mweusi ukasema usingizi ulikuchukua, na mpaka leo nyumbani kwetu wanakutania kwa hilo. Hukujitetea hata mara moja.

Sasa sikia langu. Mimi nilijua. Harufu ya kuungua ilinifikia mapema, na kupitia nyufa za ukuta niliiona ile leso ya manjano ambayo ni wewe tu uliyekuwa umeivaa. Heshima ilinitaka niondoke hapo mara moja. Sikuondoka. Nilijua fika ni nani aliye upande wa pili, nikabaki, nikaendelea kulia, kwa sababu siku ile nzima hapo ndipo mahali pekee ambapo sikuwa peke yangu. Kila mtu aliniambia nijikaze, wewe uliyekatazwa kusema nami ndiye uliyeniacha nilie. Sijawahi kukushukuru. Leo nakushukuru, kwa moyo wangu wote.

Wazee wetu wanasema kuna namna ya kuilegeza miiko hii ya ukwe kwa kupeleka zawadi na kula pamoja, na marafiki zangu wa mjini hunicheka kwa kuwa sijafanya hivyo. Zamani niliona haya kidogo. Siku hizi sioni. Ule ukuta haukututenga siku ile.

Kuna jambo moja zaidi, nalo si rahisi kuliandika. Lynette ameishi muda wote huu akiamini kwamba sikumlilia mtoto wetu. Tukigombana hata kwa jambo dogo, huishia hapo, kwamba hata chozi halikunitoka. Mimi hunyamaza. Ningemwambia nini? Mwanamume hawezi kujitolea ushahidi kwamba alilia. Na ningekutajaje wewe?

Leo tulipotoka kanisani tulitembea kwa miguu kurudi nyumbani. Nikampa visikilizi, nikamchezea wimbo wa sita, kisha nikamwambia mtu wa ng'ambo ya ukuta ni nani. Alisimama kando ya barabara, watu wakitupita na Biblia zao. Akaurudisha wimbo mwanzo, akausikiliza mpaka ukaisha, huku akilia. Kisha akasema kwamba yeye siku zote alijua kuna kitu, kwa sababu mama yake hajawahi kuunguza obusuma tangu yeye azaliwe. Akanishika mkono, na tukaja hivyo hadi mlangoni, jambo ambalo hatujalifanya tangu mazishi. Ndipo nikaketi kuandika.

Kwa hiyo, Mama, hayo ndiyo maoni ya wachambuzi. Eugene anasema ni mume wa jela, Barnaba anasema ni mwenye kiwanda, Jerotich anasema ni Mungu. Waache wabishane, wimbo mzuri huwapa watu kazi. Mimi niliyeweka maoni yangu mfukoni nayatoa sasa kwako peke yako: ni wimbo ulionirudishia mke wangu. Usiuondoe.

Lynette anakusalimu sana na anasema atakuja Musanda shule zikifungwa. Baba na mama yangu wanawasalimu pia, pamoja na majirani wote wanaojidai sasa kwamba wanakujua. Mwambie Sammy apunguze ngoma.

Desemba Lynette atakaa kiti cha mbele, na mimi, kama inavyonipasa, nitakaa nje ya ukumbi karibu na ukuta. Safari hii ukinisikia huko nje, Mama, usinyamaze. Imba.

Mkweo anayekuheshimu,
Hezekiah