Karai Nyuma ya Ua

Hodan mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku Balambala tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mama yako limepoa, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Umeniuliza nyuki wetu wamekwenda wapi. Walimu wako wa chuo watakutajia ukame, uchomaji wa makaa na dawa, na hawatakosea. Mimi nitakuambia nililofanya kwa mkono wangu.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Kiangazi kile nyuki walijaa kwenye birika la mifugo hata mbuzi wakaogopa kunywa. Siku moja, tulipomaliza kunyunyizia mbuzi dawa ya kupe, nilimimina iliyobaki kwenye karai, nikaliweka nyuma ya ua, mbuzi wasikofika. Nyuki wakaenda kunywa huko. Jioni niliwazoa kwa ufagio. Mama mkwe akaniangalia, akasema, "Walikuwa na kiu tu, kama sisi."

Nikacheka.

Siku hizi mbuzi wanakunywa bila kusumbuliwa na mdudu. Mwezi uliopita niliweka karai la maji safi palepale, na vijiwe ndani nyuki wasizame. Mpaka leo wanaokuja kunywa ni kuku.

Ayeeyo, bibi yako, anayekuombea kila swala.