Nani Apeleke Chakula cha Bwana kwa Wagonjwa wa Kisugu

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA UMOJA WA AKINA MAMA
USHIRIKA WA KISWAHILI, KANISA LA KISIMA CHA REHEMA, BUGOLOBI

Tarehe: Jumamosi, 12 Julai 2025
Mahali: Chumba cha shule ya Jumapili, nyuma ya kanisa
Kikao kilianza: Saa 9:20 alasiri

WALIOHUDHURIA
Mama Akwero – Mwenyekiti
Bi. Darlène – Katibu
Bi. Nakhisa – Mratibu wa ziara za wagonjwa
Bi. Ajwang – Kiongozi wa kwaya
Mzee Ogwang – Mwakilishi wa wazee wa kanisa (mwalikwa)
Na wanachama wengine saba waliotia sahihi katika daftari.

ASIYEHUDHURIA
Mama Aciro, kwa udhuru. Mkwe wake alikuwa wodini akijifungua. Habari zilifika katikati ya kikao kwamba ni msichana. Vigelegele vilipigwa na kikao kikasimama kwa dakika tano.

KUMB. NA. 1/7/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, akawaomba wajumbe waseme kwa sauti kwa sababu mafundi walikuwa wakipiga bati jipya juu ya jiko la kanisa. Mzee Ogwang alisema kwamba sauti za akina mama wa ushirika huu hazijawahi kushindwa na nyundo. Kikao kilicheka. Mwenyekiti aliagiza kauli hiyo iandikwe.

KUMB. NA. 2/7/2025: BARUA YA MCHUNGAJI
Katibu alisoma barua ya Mchungaji Oola. Mchungaji aliruhusu Umoja umchague mwanamke mmoja wa kupeleka mkate na divai, vikishabarikiwa kanisani, kwa wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani. Kazi hiyo tangu ushirika uanze imefanywa na wazee wa kanisa, ambao wote ni wanaume. Sharti lilikuwa moja: mwakilishi wa wazee atie sahihi. Asipotia, jambo litarudi kwenye baraza la kanisa, ambalo litakaa tena Januari.

Mwenyekiti alieleza kwamba huko Kisugu wako akina mama watatu wagonjwa, na mmoja wao huenda asiione Januari.

KUMB. NA. 3/7/2025: MAONI YA MZEE OGWANG
Mzee Ogwang alieleza kwamba hana ugomvi na mtu. Alisema akina mama tayari wana kazi nyingi: kupika, kufagia, maua, na wageni. Kuwaongezea nyingine ni kuwachosha.

Mwenyekiti alimshukuru kwa huruma hiyo, akamwomba Bi. Nakhisa asome daftari la ziara. Bi. Nakhisa alisoma kwamba tangu Januari wazee wamefika kwa wagonjwa wa Kisugu mara mbili, na akina mama mara thelathini na moja.

Mzee Ogwang alisema si uvivu. Mwanaume hawezi kuingia tu chumbani kwa mama mgonjwa aliyelala, hivyo wazee husimama mlangoni.

Bi. Nakhisa alijibu: "Ndiyo hiyo, Mzee. Wanapokea mkate kutoka mlangoni kama mtu anayepokea barua."

Mzee Ogwang alisema kwamba hata mama yake mzazi, Bibi Abwola, ambaye ni mmoja wa wagonjwa hao watatu, hajawahi kulalamika. Mwenyekiti alipendekeza aulizwe mwenyewe. Mzee Ogwang alisema si lazima. Wajumbe walisema ni lazima.

KUMB. NA. 4/7/2025: SIMU KWA BIBI ABWOLA
Simu ilipigwa na sauti ikafunguliwa ili wote wasikie. Katibu aliagizwa kuandika maneno yalivyosemwa.

Mwenyekiti: "Mama, shikamoo. Tunataka kujua, nani akuletee Chakula cha Bwana?"

Bibi Abwola: "Ogwang yuko hapo?"

Mzee Ogwang: "Niko, Mama."

Bibi Abwola: "Vizuri, usikie. Wewe unakuja na haraka. Unasoma mbio kama polisi anasomea mtu mashtaka, halafu unaenda. Nakhisa ananiosha miguu kwanza. Ananiuliza nimelala aje. Halafu anangoja nijibu. Nataka yeye."

Mzee Ogwang: "Mama, mbona hukuniambia?"

Bibi Abwola: "Ungekaa, ningekuambia."

Simu ilikatwa na Bibi Abwola mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Mzee Ogwang aliomba maji, akaletewa. Baadaye alisema kwamba tangu astaafu jeshini amekuwa akiona vigumu kukaa chumbani na mama yake, kwa kuwa akimtazama anaona jinsi alivyopungua. Mwenyekiti alimwambia hakuna mtu humu asiyejua hofu hiyo.

KUMB. NA. 5/7/2025: UCHAGUZI
Majina mawili yalipendekezwa: Bi. Ajwang na Bi. Nakhisa. Ikumbukwe kwamba wawili hawa hawajasalimiana tangu mabishano ya rangi ya sare wakati wa Pasaka.

Bi. Ajwang alisimama akaondoa jina lake. Alisema: "Mimi naimba. Nikiona kidonda nageuza uso. Huyu hageuzi. Mchagueni, tusipoteze saa." Aliongeza kwamba kuhusu rangi ya sare bado ana maoni yake.

Bi. Nakhisa alipotakiwa aseme, alisema anaogopa. Yeye anasimama kwenye mashine ya chapa kule Wandegeya kutwa nzima, hajasomea mambo ya dini, na anaweza kumwaga divai. Lakini alieleza: "Mama yangu alikufa Bungoma nikiwa hapa kazini. Waliomwosha na kumwombea ni akina mama wa kanisa, na hata majina yao siyajui. Tangu siku hiyo siwezi kupita tu mlango wa mgonjwa."

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Bi. Nakhisa alichaguliwa bila kupingwa. Mkono wa Bi. Ajwang ulikuwa wa kwanza. Mzee Ogwang, ambaye hakuwa na haki ya kupiga kura, naye aliinua wake. Katibu hakuuhesabu, ila anauandika. Kisha Mzee Ogwang alitia sahihi katika barua ya Mchungaji.

AZIMIO: Bi. Nakhisa aanze Jumapili, 20 Julai. Mzee Ogwang alijitolea kumsindikiza.

KUMB. NA. 6/7/2025: KUFUNGA KIKAO
Sala ilitolewa na Mzee Ogwang kwa Kiacholi. Walioelewa maneno yote walikuwa wachache, na walioitikia Amina walikuwa wote. Kikao kilifungwa saa 11:35 jioni.

NYONGEZA (kwa agizo la Mwenyekiti)
Jumapili, 20 Julai, Bi. Nakhisa alibarikiwa mbele ya ushirika akapewa kisanduku cha mkate na divai kwa watu watatu. Katibu alifuatana naye na Mzee Ogwang hadi Kisugu.

Bibi Abwola alikuwa ameomba atolewe nje, barazani kwake. Alikuwa amevaa gauni jeupe la gomesi, na alikuwa ametuma habari nyumba kwa nyumba. Walikuwepo watu kumi na wanne: bibi wawili wenye fimbo, mama mwenye mtoto mchanga, na wengine ambao hakuna aliyejua kwamba waliacha kuja kanisani kwa kukosa nguvu ya kupanda kilima. Jirani yao Abdu, ambaye ni Mwislamu, alileta viti vyote vya nyumbani kwake.

Bi. Nakhisa alimnong'oneza Mzee Ogwang: "Mkate hautoshi."

Mzee Ogwang alipanda bodaboda kurudi Bugolobi kwa Mchungaji kuomba zaidi. Wakati wa kumngoja, Bi. Nakhisa alipita kwa kila mmoja na beseni la maji ya vuguvugu, akimwosha miguu na kumwuliza jina na hali.

Mzee Ogwang alirudi na mkate na divai vya kutosha. Bi. Nakhisa alianzia kwa aliyekaa mbali zaidi, na hakumwaga hata tone. Mzee Ogwang alikaa chini, kwenye mkeka, karibu na mama yake. Alikaa hadi jioni.

Zimethibitishwa:

Mama Akwero, Mwenyekiti ....................
Bi. Darlène, Katibu ....................
Tarehe: 26 Julai 2025