Ukanipa Jina Langu Mwenyewe

S.L.P. 31,
Lawra.
Alhamisi, 11 Januari 2024.

Mpendwa mdogo wangu Konadu,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kaskazini. U hali gani huko Uholanzi, na baridi inakufanyaje? Vipi mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa sana mbele ya kompyuta? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Upepo wa vumbi umetuingilia tangu Krismasi, midomo imepasuka na kopo la siagi ya shea halinitoki mkobani, lakini huo si ugonjwa.

Mwaka mpya nilikuwa Kumasi kwa siku sita. Shemeji yako Bwana Ansah yu mzima, amenenepa. Watoto pia hawajambo. Adoma, kitinda mimba wangu, ametimiza miaka tisa, na akianguka akaumia anamkimbilia shangazi yake, si mimi. Siku ya pili alinikaribisha kiti kama mgeni.

Mama yako Afriyie alinipikia fufu kwa supu ya njugu, akakaa kunitazama nikila mpaka nikaona haya. Anasema haelewi ni kazi gani hii inayomweka mke wa mtu mwendo wa siku nzima kutoka kwa mumewe. Sikumweleza. Nimemwacha aendelee kukusifu kanisani.

Barua yako nimeipata, na ile fomu pia. Unasema uprofesa ulikuwa umeshapita, ila mtu mwenye wivu amelalamika, na sasa kamati ya maadili ya chuo inataka karatasi za ridhaa za wote ulioandika habari zao. Wengine maneno yao ni machache, unaweza kuyaondoa. Yangu huwezi, kwa kuwa yapo mpaka kwenye jalada la kitabu chako. Nisipotia sahihi, uprofesa umeota mbawa.

Niseme mapema: si mimi niliyelalamika. Sikujua kama kuna mlango wa kugonga. Ningejua, ningeugonga miaka minne iliyopita.

Umeandika kwamba “tulikubaliana tangu mwanzo, Dada.” Huo mwanzo naukumbuka vizuri. Ulikuwa mwaka 2014, jikoni kwangu, mimi natwanga, wewe unageuza fufu kwenye kinu. Ukaniomba nikuingize kwenye kikundi chetu cha wasap cha ofisini, si kile kikubwa cha kazi, bali kile cha pembeni tulichokianzisha bila bosi. Ukasema huko vyuoni watu wanachunguza jinsi wafanyakazi wanavyoandikiana kwenye simu. Nilicheka mpaka nikashindwa kuinua mchi.

“Yaani umbea wetu ni elimu?”

“Elimu kubwa, Dada Yaa. Watu wanapewa udaktari.”

“Basi mimi ningekuwa profesa zamani.”

Makubaliano yetu yote ni hayo. Hakukuwa na karatasi wala kalamu. Nilikuingiza, wenzangu wakauliza huyu ni nani, nikawaambia ni mdogo wangu, msiwe na wasiwasi. Wewe ukaahidi kwamba majina yetu utayabadilisha.

Mwezi ule ule Sarfo wa chumba cha ramani akafiwa na mama yake. Alituma tangazo la msiba kwenye kikundi kikubwa, na picha ya marehemu. Watu tukaandika pole, tukaandika sala. Mkuu wetu, Bwana Banahene, akajibu kwa dole gumba, vile vile alivyokuwa akijibu ratiba ya usafi wa choo. Wewe unajua kwetu dole gumba ukimchezeshea mtu umemtukania mama yake, na huyu mama alikuwa bado yuko mochwari. Nikaenda kwenye kile kikundi cha pembeni, nikaandika: “Siku akienda yeye, msihangaike na nguo nyeusi. Mtumieni dole.” Walicheka siku mbili, hata Sarfo mwenyewe. Wewe ulikuwa unanakili.

Kutokana na dole lile ulipata udaktari. Ukapata makala, halafu tuzo, halafu kitabu, na kitabu ukakiita *Dole Gumba Msibani*. Nimekisoma chote. Umeeleza kwamba maneno yangu ni upinzani wa kimyakimya wa watu wa chini dhidi ya mamlaka. Mimi nilikuwa nimekasirika tu, Konadu.

Sasa nije kwenye hayo majina. Ulitupatia majina ya siku za wiki anazozaliwa mtu, ukaandika kwa fahari kwamba nchi nzima wanaitwa hivyo, kwa hiyo hakuna atakayejulikana. Ulikuwa werevu. Sarfo ni wa Jumamosi, ukamwita Kofi kama wa Ijumaa. Wengine nao ukawachanganya hivyo hivyo. Ulipofika kwangu mkono ulikwenda wenyewe. Umeniita Yaa, jina la Alhamisi, tangu ulipoanza kusema, hujapata kuniita vingine, na ukaniandika Yaa kitabu kizima bila kugutuka. Ulikuwa unanificha, ukanipa jina langu mwenyewe.

Ofisini walikuwa wananijua kwa jina la Felicia, kwa hiyo labda ningepona. Lakini ukurasa wa arobaini umesimulia, tena kwa uzuri kabisa, jinsi kikundi chetu kikubwa kilivyokuwa kila asubuhi kikiwasalimu waliozaliwa siku ile ya wiki, na kwamba siku ya Alhamisi salamu zilikwenda kwa mwanamke mmoja tu, wa masjala, yaani mimi. Sijui ni nani aliyekusahihishia kazi asilione hilo. Nadhani hapakuwa na mtu wa kabila letu hata mmoja chumbani mwake.

Halafu ukaja Kumasi kukizindua. Ukafanya kama tulivyolelewa: ukaenda kumshukuru Bwana Banahene kwa kukufungulia ofisi yake na kile kikundi kikubwa, ukampelekea chupa ya snapsi na nakala ya kitabu yenye sahihi yako. Tumezoea kusema wakubwa hawasomi. Huyu alisoma.

Aliniita siku ya Jumatatu. Kitabu kilikuwa mezani na kijiti cha meno kimewekwa katikati ya kurasa.

“Madam Felicia, wewe ulizaliwa siku gani vile?”

“Alhamisi, mkuu.”

“Na mtoto wa kike wa Alhamisi, nyumbani kwenu mnamwitaje?”

Nikakitazama kile kijiti cha meno.

“Mbona si swali gumu.”

“Yaa, mkuu.”

“Ahaa. Kumbe ndiwe utakayeniletea dole.”

Hakupandisha sauti. Akaniuliza watoto wanaendeleaje shuleni, akaniruhusu nirudi kazini. Baada ya wiki tatu nikapewa barua ya uhamisho kuja Lawra, kwa mahitaji ya kazi. Jioni ile nilikaa na simu mkononi nikitazama wenzangu wakitoka kwenye kikundi cha pembeni, mmoja baada ya mmoja, kila jina na “ametoka” yake. Sarfo alitoka wa mwisho. Hakuna aliyenipigia, na siwalaumu, kwani mimi ndiye niliyewaambia wasiwe na wasiwasi.

Wewe nilikupigia. Ulilia, na nilikuamini. Kisha ukapenga kamasi ukaniambia kwamba jambo hili ni kubwa na halijaandikwa na mtu, ukaniomba nikutumie picha ya barua ya uhamisho. Nikakutumia, maana nilidhani unataka kunitetea. Mwaka uliofuata nikaiona makala: madhara yanayompata mtoa habari katika utafiti wa mitandao ya kazini. Ndiyo iliyokupeleka Uholanzi. Wewe mwenyewe unasema anayelalamika alianzia hapo. Aliisoma akauliza, huyu mama aliyehamishwa, karatasi yake ya ridhaa iko wapi? Huyo unamwita mwenye wivu. Kwangu mimi ni mtu wa kwanza aliyewahi kuuliza habari zangu.

Nimekuchukia, Konadu, nakwambia wazi. Nimekuchukia jikoni hapa nikipika tuo, ugali wa huku, kwa ajili ya mtu mmoja. Nimekuchukia zaidi mtoto wangu aliponikaribisha kiti. Kisha nakumbuka ulivyokuwa ukilala mgongoni kwangu ukinilowesha kwa mate, nami ninashindwa kuendelea, halafu kesho yake naanza upya.

Fomu nimeijaza, utaikuta ndani ya bahasha hii. Maneno ni yangu, nilimaanisha kila moja, na sitaki kuyakana, kwa hiyo nimeandika kwamba nakubali yatumike. Mahali pa jina nimeandika langu kamili, la ofisini na la nyumbani. Sahihi nimeweka. Usifurahi kwanza. Penye tarehe ulikuwa umenitangulia kwa penseli, 3 Juni 2014, ili mimi nipitishe kalamu juu yake. Nimeifuta kwa raba ya masjala hadi karatasi ikaanza kunyonyoka, nikaandika tarehe ya leo.

Ukitaka kuipeleka kamati, ipeleke. Mimi sitajaza nyingine.

Nisalimie shemeji Wim, na umbusu Nyarko mdogo kwa niaba yangu. Mama Afriyie anakusalimu, anataka picha yako ukiwa na joho la uprofesa aiweke sebuleni. Bwana Ansah naye anakusalimu, hana kinyongo, kwa sababu sijampa kitabu chako akakisoma. Mungu akuongoze, akupe usingizi mzuri, na akuzidishie watu wa kukuambia ukweli hapo ulipo.

Dada yako akupendaye, hata sasa,

Yaa Dufie