Nyota za Watoto

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Umeme umerudi — bwawa la Tshopo limetuhurumia! Nimefungua data za darubini ya angani. Katika lile wingu ambamo nyota huzaliwa, kuna kitu kinatoa mionzi ya gamma. Ni nyota changa zenyewe, zikilipuka kwa hasira zao za kitoto? Au nyuma yao kuna nyota iliyokufa zamani, imejificha, inawasingizia watoto? Siamini kitu. Ndiyo kazi yangu.

Franck, ninayeandika naye mémoire ya kumaliza chuo, anauliza sana kuhusu nyota moja tu, ile niliyoiona mimi ikiwaka. Kwa nini hiyo?

Jumatano, 5 Novemba
Nimempigia Franck nikiwa uani, ndani simu haipati réseau. Nimemwambia nyota ya mtoto imewaka tena na safari hii nimeikamata! Jirani yangu Angèle alikuwa anatwanga majani ya pondu. Mchi ukasimama. Nilidhani amechoka.

Ijumaa, 7 Novemba
Laurette, mtoto wa Angèle, ana homa. Nimeenda kumbeba kama kawaida. Angèle akamfunika uso kwa kitenge, eti amelala. Macho yalikuwa wazi! Nimeumia. Hata Mama Clothilde, mwenye nyumba, hajaitikia salamu yangu. Nani amenisema? Nashuku Franck.

Jumamosi, 8 Novemba
Nilijua! Franck amempa profesa mchoro wangu wa ile nyota, juu ameandika jina lake mwenyewe. Nimempigia palepale uani, kwa kelele: mwizi, rudisha nyota yangu! Anasema profesa ndiye aliyekosea. Mwongo.

Nilipogeuka, ua mzima unanitazama. Mama Clothilde akauliza polepole:

"Donc muko babili mu ile kazi?"

"Sisi wawili? Kazi gani, mama?"

"Ya kuiba nyota ya batoto."

Kumbe! Wamesikia nyota ya mtu, bahati yake, ile ambayo wachawi, bandoki kama wanavyoitwa hapa, wakiiba mtoto ananyauka. Nimecheka — kosa kubwa. Nikaeleza wingu, mionzi, kwamba tunaangalia tu kutoka mbali.

"Ata bandoki banaangalia tu ya mbali," akasema.

Jumapili, 9 Novemba
Homa haishuki. Mama Clothilde anasema mtoto akizidiwa, ataita vijana wa avenue yetu, wale wanaowapiga wachawi. Naogopa. Nikimbie? Anayekimbia amekiri.

Sasa hivi Angèle amegonga. Peke yake, Laurette mgongoni, mtoto anapumua kwa shida. Hakuja kugombana. Amenong'ona:

"Nadia, ndugu yangu, rudisha tu. Sitaambia mutu."

Nimemwambia twende hospitali, nitambeba mimi. Akarudi nyuma.

"Rudisha kwanza. Kiisha tutaenda."

Kwanza! Nimemwomba angoje nivae viatu. Naandika nimesimama. Nikisema sina, hataenda. Nikisema nimerudisha, ataenda sasa hivi — na kesho ua mzima utajua nani alikuwa nayo.

Mtoto anakohoa. Viatu nimeshavaa.