Maharage Yaliyopandwa Matangani

Gisenyi, Jumapili ya Novemba, 1954.

Ukungu umeshuka tangu asubuhi, ziwa halionekani wala Goma haionekani. Nimehubiri vibaya. Hata mimi mwenyewe sikujisikiliza.

Naandika kwa Kiswahili, kile nilichookota Goma zamani nikipeleka viazi sokoni, maana mke wangu hakisomi. Amenihurumia vya kutosha wiki hii.

Esiteri anaondoka kesho. Watoto wanabaki.

Mumewe, Yosiya, alikuwa mzee wa kanisa letu la Waanglikana, sisi tulio wachache hapa. Tulimzika mvua za kupandia zikiwa zimeanza. Desturi ya huku kila mtu anaijua: nyumba yenye msiba haigusi jembe mpaka matanga yaondolewe, na mbegu ndiyo haifukiwi kabisa, kwa sababu mtu wao naye ndio kwanza amefukiwa. Nimekua nayo. Baba yangu alipokufa kule Nyamyumba tulikaa tukitazama majirani wanapanda, na hakuna aliyefungua mdomo.

Lakini sasa mimi ni pasita. Nilimkuta Esiteri amekaa mlangoni anaitazama mvua, mbegu zimo kikapuni. Nikamwambia Mkristo hafungwi na matanga. Nikachukua jembe la marehemu lililoegemea ukutani, nikavua kanzu, nikalima mwenyewe, nikapanda shamba zima mbele ya macho ya kilima kizima.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kuniitikia amina. Haikuwa Injili, ilikuwa mikono. Nilikuwa mkulima kabla sijawa kitu kingine chochote, na tangu nipewe ukasisi na kuletwa hapa mjini sina hata tuta moja. Udongo ule mweusi ulikuwa laini, umelowa vizuri, nikasahau kwamba kuna mtu amekufa.

Niliimba.

Na mvua haikukatika. Ndugu za Yosiya, waliosubiri matanga yaondolewe, walipanda baadaye, na yao yameota vizuri tu. Hakukuwa na haraka yoyote.

Ya Esiteri yameota kuliko yote, na hakuna anayeyapalilia. Majirani hawapiti hata ukingoni. Jiko lake likizimika, hapati wa kumpa kaa la moto. Shemeji yake, mkubwa wa ukoo, amesema mwanamke huyu amemfukia ndugu yao pamoja na maharage, basi arudi kwa kaka zake. Watoto ni wa ukoo. Naye Esiteri, aliyebatizwa kabla yangu, anayaogopa yaleyale maharage. Aliniambia wazi kwamba hawezi kuwalisha wanawe maharage hayo.

Nimekwenda kote. Chifu kasema hayo ni ya nyumbani. Mzungu wa misheni alifurahi sana, akasema huo ndio ushuhuda, akapanda gari lake akaenda. Shemeji alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Pasita, wewe hatuna neno nawe. Wewe utahamishwa, sisi tutabaki hapa." Ni kweli, nitahamishwa.

Naomba kila siku. Sijui hata niombe nini, maharage yafe au yaishi.

Aliyenisema bila kuzunguka ni Saidi, fundi cherehani jirani yangu, Mwislamu wa hapa mjini. Alikuwa anatia kiraka kwenye kanzu yangu, wala hakuinua kichwa. "We si ulikuwa mulimaji, Pasita? Mambo hii si ulijua? Ungengoja kidogo tu." Haya. Nilijua. Mgeni angesamehewa kwa kutojua, mimi nitasamehewa kwa lipi?

Leo baada ya ibada Esiteri alikuja, amejitanda nguo ya safari. Sikutegemea atanisalimia. Alinisalimia kwa mikono miwili kama siku zote, halafu akaweka jembe la Yosiya miguuni pangu. Nilingoja anilaumu. Nilitaka anilaumu, walahi, ningepata pa kuanzia. Alisema tu, "Umepanda wewe, Pasita, basi upalilie wewe. Watoto wangu watakuwa wanapita njia ile. Wasione shamba la baba yao limekuwa pori."

Nikasema ndiyo, mama. Sikuwa na neno jingine, mimi ninayelipwa kwa maneno.

Jembe liko hapa mlangoni, mpini wake umelainika pale Yosiya alipokuwa anashika. Kesho Esiteri atashika njia ya kwao, nami nitapanda kilima kwenda kupalilia, watu walewale wakinitazama. Safari hii sitaimba. Maharage nayajua, yatazaa sana.

Yakiiva, nani atayala?