Yowe la Glyn

Wednesbury, Uingereza, Ijumaa (kwa barua pepe)

Kaka Desmond mpenzi,

Sisi tupo, mvua haikatiki, na ile baa ya kona imegeuzwa duka la mazulia.

Jumamosi iliyopita bendi yenu ya roki ilipanda jukwaani tena. Ukumbi ulijaa wazee wenye vitambi, wamejibana ndani ya vile vizibao vya jinzi vyenye viraka vya majina ya bendi, na vijana waliotoka Ujerumani kuja kuwaona. Mimi nilikuwa nauza fulana zenye sura yako ya ujana. Kila mtu akaniuliza, "Desmond yuko wapi?" Nikawaambia umeganda huko Kanada.

Walilegeza nyuzi za magitaa, nyimbo zishuke chini, ili kaka yetu Glyn aweze kuzifikia kwa sauti yake. Wimbo wa mwisho ulipofika pale pa lile yowe lake, akawaelekezea watu maikrofoni, na ukumbi mzima ukapiga yowe badala yake. Walidhani ni mbwembwe. Nilipomfuata nyuma ya jukwaa, nilimkuta anatema damu kwenye taulo.

"Usimwambie Des," akaninong'oneza. "Mpumbavu yule atajidai kunihurumia."

Ni saratani ya koo. Jumatano wanampasua, na sauti inaondoka moja kwa moja. Hatasema tena.

Najua mlivyoachana, na najua nani alianza. Sikuombi umsamehe. Mpigie simu kabla ya Jumatano, kaka, akutukane kwa sauti yake mwenyewe.

Dada yenu,
Maureen