Hewa Mbaya, Jua Kali

Jinja, Jumatano usiku

Mjomba naye! Nimemuuliza, "Habari za nyumbani Busiu?" Akajibu, "Nzuri tu." Akanywa chai mpaka ikaisha, ndipo akaniambia Mafabi ameuawa vitani Abisinia. Mdogo wangu. Risasi ya Waitalia.

Simlaumu. Ndivyo tulivyolelewa, salamu hujibiwa "nzuri" kwanza hata kama maiti imelala ndani. Ila leo imeniudhi mno.

Kisha ikabidi nirudi zamu kambini, kuwalinda mateka. Waitalia haohao.

Pietro, yule seremala wao, alikuwa anapiga randa. Tumekatazwa kuongea nao habari za vita, basi amenifundisha Kiitalia cha hali ya hewa tu. Kila siku huniuliza hewa ikoje, nami humjibu "bello", nzuri, hata mvua ikimiminika. Hunicheka sana. Nilishamweleza kwamba kwetu mtu hajibu "mbaya".

Leo jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu. Akauliza kama kawaida, "Che tempo fa, bwana askari?"

Nilitaka kumpiga kwa kitako cha bunduki. Badala yake nikajikuta nikisema, "Brutto." Mbaya.

Hakucheka. Alitazama juu, akanitazama mimi, akaweka randa chini na kuvua kofia.

Mjomba anarudi Busiu kesho. Jioni hii ameniuliza, "Mama yako nimwambie hali yako iko namna gani?"

Nimesema, "Mwambie nzuri tu."